Kiungo cha Pili cha Meza

Jumamosi mchana. Jua liko nje lakini halipashi joto, na upepo wa mwezi wa saba umeleta vumbi jekundu mpaka ndani ya kaye zangu, daftari za shule. Nimevaa sweta mbili.

Nyumba iko kimya. Mama yuko Sakania, anauza unga karibu na mpaka, na hatarudi kabla shule hazijafunguliwa. Papa yupo hapa, lakini miaka mingi ya kusimama karibu na mashine za kusaga mawe kule Kambove ilimaliza masikio yake. Nikitaka kumwambia kitu lazima nipaze sauti, na mambo ya moyoni hayasemeki kwa kupaza sauti. Kwa hiyo mara nyingi ninanyamaza. Kuna siku tunakula bukari, ugali wetu wa huku, tunaosha sahani, tunaagana, na sauti yangu mwenyewe sijaisikia.

Mahali pekee tunapozungumza ni kwenye meza ya snuka.

Papa ndiye fundi wa meza hiyo, kwenye klabu ya mtaa wetu, ambako wanaume husukuma mipira kwa fimbo ndefu. Ililetwa zamani kwa treni kutoka Zambia. Watu wakiiona wanafikiri chini ya kitambaa cha kijani kuna ubao. Kuna mabamba matano ya jiwe jeusi, mazito kiasi kwamba bamba moja linahitaji wanaume wanne. Yamelazwa yakigusana, na kati yao kuna viungo vinne. Bamba likishuka hata kwa unene wa ukucha, mpira unaokwenda polepole unapotea njia. Papa huliinua kwa vipande vya karatasi ngumu, anavyovikata kwenye majalada ya kaye zangu za zamani. Jiografia yangu ya mwaka juzi imebeba jiwe kule chini. Kisha anamimina nta ya nyuki kwenye viungo, anaiacha igande, anaikwangua kwa wembe mpaka iwe sawa na jiwe.

Mwisho kabisa, kabla ya kurudisha kitambaa, tunasikiliza. Papa anasukuma mpira taratibu juu ya jiwe tupu. Mpira una sauti moja tu, ndefu. Ukigonga ukingo uliojitokeza, unasema "tk". Papa haisikii. Ninaisikia mimi, na ninainua mkono. Yeye hautazami mpira hata kidogo. Ananitazama mimi.

Jana sikuinua mkono.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Prezida wa klabu alikuja na wachezaji watatu kuangalia kazi, kwa sababu kesho baada ya misa wageni kutoka Likasi watakuja kucheza.

"Papa Sophie, bageni beko njiani! Iyi meza utaimaliza mwaka gani?"

Sophie ni mimi. Papa alitabasamu tu, kama anavyofanya akiona mdomo unafunguka na hakuna kinachomfikia.

"Hasikie hata kengele ya misa," mchezaji mmoja akasema, "njo atasikia jiwe?"

Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Prezida naye alicheka, kisha akaniambia mimi, kana kwamba ni mimi niliye mkubwa nyumbani: "Ambia papa yako, meza ikiharibu mchezo, tutaita fundi mwingine."

Papa akasukuma mpira. Kiungo cha kwanza, kimya. Kiungo cha pili: tk. Ndogo sana. Wale wengine hawakuisikia, walikuwa bado wanacheka. Papa akanitazama. Niliona kwamba nikiinua mkono, watajua kuwa amekosea, na watacheka zaidi. Nikauacha mkono mfukoni mwa sweta. Kiungo cha tatu na cha nne vilikuwa kimya. Papa akawageukia kwa furaha, akavuta kitambaa, akakipigilia misumari midogo kuzunguka meza yote. Nilimshikia misumari.

Nilidhani nimemlinda.

Leo asubuhi nimefua, nimefagia uwanja, nimefanya hesabu ambazo hakuna mwalimu aliyeniagiza. Ile tk ilikuwa bado ndani ya kichwa changu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeisikia. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa peke yake namna hiyo, na sauti ndogo kama ile. Na kesho mpira ungepotea njia mbele ya watu wote, na Papa asingeelewa kwa nini.

Tulipokaa kula, niliweka bukari chini na kuinua mkono.

Papa aliacha kutafuna. Aliutazama mkono, kisha uso wangu. Sijui aliona nini usoni.

"Kiungo ya ngapi?"

Nikaonyesha vidole viwili.

"Juu ya nini haukuinua jana?"

Sikupaza sauti; nilisema polepole, neno kwa neno, midomo wazi, ili aisome: "Balikuwa banakucheka, Papa."

Alinawa mikono kwanza. Nilingoja anigombeze, na nilitaka anigombeze.

"Bale miye sibasikiake," akasema. "Weye tu njo nakusikiaka."

Kisha akaenda kutafuta koleo la kung'olea misumari.

Ninaandika haya nikiwa nimekaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, ninaangalia nta ikiyeyuka kwenye kopo. Ina harufu ya asali. Papa anakata jalada la kaye yangu ya historia. Prezida atakuwepo klabuni, na wale wachezaji, na watauliza kwa nini kitambaa kinafunguliwa tena. Papa hatawasikia. Nitawajibu mimi: ni mimi niliyenyamaza.

Ninaogopa. Lakini mkono wangu leo hauna kazi mfukoni.