Vidole Vitatu kwa Kikorea

Mwenzangu, uko wapi? Pokea simu!

Msimamizi wa kiwanda anachofanyia kazi binti yangu amenipigia sasa hivi. Mkorea mwenyewe, bila mkalimani, anaongea mbio kama anafukuzwa.

Unakumbuka kabla hajasafiri nilivyokuwa namsikiliza maneno yake ya Kikorea jikoni, mimi nimeshika kitabu, yeye anajibu? Hana, dul, set, yaani moja, mbili, tatu. Wewe ukanicheka, "Mama mzima unasomea mtihani wa mtoto!" Basi ndiyo maana nimeelewa.

Alitaja jina la binti yangu. Akasema mashine, akasema hospitali. Akasema sonkarak, yaani vidole. Halafu, se ge.

Vitatu, mwenzangu. Hiyo ge ni neno lao la kuhesabia vitu, na set ikikaa mbele yake huwa se. Sisi tulihesabia mayai.

Nikamwomba arudie. Akarudia polepole kama mwalimu: sonkarak, se ge.

Unajua nilimjibu nini? Kamsahamnida. Asante sana! Mtu ananiambia mwanangu amekatwa vidole, mimi namshukuru! Ndiyo adabu niliyomkaririsha binti yangu miezi minne: wakikwambia lolote, shukuru kwanza.  Yule bwana akaomba radhi, akakata.

Nimempigia binti mara kumi na moja. Hapokei.

Ninachojua ni idadi tu. Sijui hata ni mkono gani. Kulia na kushoto vilikuwa sura ya saba ya kile kitabu, na viza ilitoka tukiwa ya sita.