Mchele wa Kukaushia Simu

Jumatatu, 3 Machi
Simu imetumbukia kwenye beseni la kufulia! Ilikuwa mfukoni mwa gauni, nikainama — chubwi. Nimeizima, nikaifukia kwenye kopo la mchele kama watu wanavyosema. Nimelia kama mtoto. Siililii simu, nalilia sauti alizonitumia marehemu mume wangu. Zote nilizisikiliza peke yangu, kwa spika za masikioni. Isipokuwa ile aliyotuma asubuhi ya ajali iliyomuua. Hiyo sijaifungua mpaka leo. Moyo sina.

Jumanne, 4 Machi
Nimerudi kutoka kazini, nakuta mama mkwe kaupika mchele! Simu kaifuta, kaiweka juu ya kabati. Eti alidhani nimeificha wezi wasiione. Nimecheka kwa hasira. Kala sahani mbili. Mimi sikugusa.

Jumatano, 5 Machi
Fundi simu kaifungua, kaisafisha kwa spiriti. Imewaka! Lakini sauti hazimo. Anasema mchele haukaushi kitu, afadhali ningempelekea palepale. Kisha akakuna kichwa: picha zipo, namba zipo, sauti tu ndizo zimeondoka, kama mtu kazihamisha. Kuzihamishia wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Ghafla: "Mke wangu, usinisubiri, we kula tu." Nikadhani anasinzia. Halafu: "Na hizo nywele nimeziona, usijifanye."
Maneno ya mume wangu, yaleyale ya kwenye simu. Hata kikohozi chake cha katikati. Na mama hajawahi kuyasikia!
Nikamuuliza anasema nini. Akanishangaa — kwani amesema kitu? Akaendelea kuchambua mboga.

Ijumaa, 7 Machi
Sikwenda kazini. Nilikuwa napiga pasi, mama mkwe akaanza tena. "Mke wangu, naona leo niseme tu. Kuna kitu nimekuficha tangu—"
Hayo sijawahi kuyasikia. Ni ile niliyoogopa kuifungua.
Mama mkwe kashika tumbo. Kwa sauti yake mwenyewe kaniambia leo kayasikia, lakini yamekatika, hayaji, na anasikia njaa. Kauliza kama ule mchele umebaki.
Kwenye kopo umebaki kikombe kimoja. Nimemwambia asile. Kisha nikamwambia asubiri, nabandika maji. Naogopa, na nataka kujua, vyote pamoja.
Yuko mezani, kijiko mkononi, ananitazama ninavyoandika. Maji yanachemka. Mchele bado sijautia.