Santuri Bado Mbichi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo, ila mama anakulalamikia: anasema tangu upate kazi umekuwa kama mwezi, tunakuona kwa mbali.

Habari kubwa ni maji. Bomba la jikoni lilipasuka tukiwa nje, tukarudi na kukuta kabati la santuri za baba limelowa hadi rafu ya pili. Mama alikimbilia godoro, baba akakimbilia santuri. Bahati nzuri alikuwa ameanza likizo, lori lake limepumzika, basi kazi ya kuziokoa tukaifanya sisi wawili.

Nilitaka kuzianika juani, baba akanizuia. Alisema jua litazipinda ziwe masikio ya tembo. Tunaishika kila moja kwa ukingo, tunaisuuza, tunaifuta kwa fulana yangu ya zamani kufuata mistari yake, kisha tunaisimamisha kwenye kichanja cha vyombo. Majalada yananing'inia kambani kwa vibanio, kama soksi. Mama ameuliza kama sasa tutapakuliwa chakula kwenye santuri, maana sahani zake hazina pa kukaa.

Iliyokauka, baba huijaribu kwenye gramafoni. Jumapili aliweka moja, akafumba macho, akawa anatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Hii nzima. Iweke."

Dada, hapakuwa na sauti. Waya wa spika ulikuwa umechomoka. Nikadhani ananitania. Nikauchomeka polepole, wimbo ukatoka, umejaa mikwaruzo, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Unakumbuka anavyonigombeza kwamba nanong'ona? Mwaka mzima nimejizoeza kusema kwa nguvu mbele ya kioo. Kumbe tatizo si sauti yangu.

Alipofumbua macho akaniona nimeinama kwenye ule waya, akaelewa. Akanivuta karibu, akasema, "Usimwambie mama yako. Tukimaliza kukausha, nitamwambia mwenyewe." Anajua mama hatamruhusu kurudi kwenye usukani, na usukani ndio kazi pekee aliyowahi kuifanya.

Shuleni nimeandika barua nyingi kwa Kiingereza, lakini jambo hili limekubali kutoka kwa lugha hii yetu tu. Santuri zimekauka, dada. Zimekauka siku nyingi. Kila jioni naigusa moja na kumwonyesha kwamba bado mbichi. Naye anaigusa, kavu kau, anakubali kwamba ni kweli, bado mbichi.

Likizo yake inaisha wiki ijayo. Mimi unanijua, maneno hunikwama kooni. Wewe ndiye unayeweza kukaa kati yao wawili bila mtu kuinuka kwa hasira. Njoo. Sahani za mama zinasubiri kichanja chake.

Wasalimie unaoishi nao. Mama anakusalimu. Baba pia anakusalimu, kwa sauti kubwa, kama kawaida yake siku hizi.

Mdogo wako akupendaye,
Kobe