Wageni Waliokuja Kuniulizia

Jumatatu, 5 Mei

Nimesahihisha insha kumi na moja kabla ya adhuhuri. Darasa zima bado linaamini usalama wa taifa ni bunduki na mageti. Pembeni ya kila moja nimeandika: na watu je? Mkono umechoka.

Fomu ya kazi ya serikali, Dodoma, nimeipeleka. Kurasa nyingi kupita kiasi. Wametaka kila kitu: nilikosoma, kitabu changu kilichotokana na tasnifu ya udaktari, miaka sita ya ng'ambo, ndoa yangu na Harith, talaka. Nimeandika yote kama yalivyo. Mshauri wa sera ya usalama wa pwani. Kazi hii naitaka. Miaka yote hii nafundisha sera kwa watu wanaokwenda kuzitunga wao. Nalisema hapa kwa sababu mbele za watu najifanya sina haja.

Ijumaa, 9 Mei

Nimerudi kutoka chuoni, nimekuta mkate wa kumimina mezani. Bi. Ziada huyo. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa Jang'ombe. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na kwangu huingia apendavyo. Mara akaja mwenyewe, uso umemchanua.

"Wageni wako wamekuja, mwanangu. Mwanamme na mwanamke, watu wa heshima zao. Wamekuulizia tabia, nani anaingia kwako, una hasira au huna. Posa hiyo, mie nnazijua."

Huku kwetu upande wa mume hutanguliza watu wa kuuliza majirani kabla ya kuleta posa, na mwanamke mwenyewe haambiwi. Lakini hawa hawakutumwa na mume yeyote. Ni wapekuzi wa ile kazi.

Nimemuuliza amewaambia nini. Kwamba sijapata kuolewa. Kwamba sijatoka Unguja, ila mara moja kwenda Pemba harusini. Kwamba nina miaka thelathini na nne. Nina arubaini na tatu. Na kwamba haya mambo ya vitabu nitayaacha nikishapata nyumba yangu.

Mkate nimeula wote. Mtamu, na nimekasirika.

Jumanne, 13 Mei

Nimeitwa Malindi, hapa hapa mjini, ofisi moja ya ghorofani karibu na bandari. Mwenyekiti wa usaili ni mzee mpole, miwani imemshuka puani. Fomu yangu inasema niliolewa, jirani anasema sijaolewa. Fomu inasema nilisoma ng'ambo, jirani anasema sijapita Pemba. Wanadhani nimemfundisha cha kusema. Kwenye kazi hii talaka si kitu. Kuificha ndiko kunakomharibia mtu.

Nimeeleza habari ya posa. Hakucheka. Akasema nimlete huyo jirani Alhamisi, basi.

Nimepita mlangoni kwa Bi. Ziada bila kumwamkia. Mara ya kwanza maishani. Najiona mtu mbaya tangu hapo.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda kumwambia. Marahaba yake ilichelewa, na nilistahili. Nilipomaliza akasema tu, "Kumbe serikali." Kisha akatoa baibui lake la sikukuu, akalipiga pasi.

Alhamisi, 15 Mei

Amesema. Amesema yote. Ndoa, talaka, ng'ambo, umri wangu mpaka mwezi niliozaliwa. Amesema nililia wiki mbili. Amesema siku moja nilimmwagia Harith mchuzi wa pweza, sufuria zima, na kwamba alistahili. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana.

Nikadhani yamekwisha. Tunaaga, mwenyekiti akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Daktari, kitabu chako umekiandika kwa kupita nyumba hadi nyumba Jang'ombe ukiuliza maswali. Na wao walidhani umefuata nini?"

Nikachukua mkoba wangu, tukashuka. Ndani ya teksi Bi. Ziada alizungumza njia nzima. Sikumsikia.

Jumapili, 18 Mei

Nimemuuliza. Bi. Ziada alikuwa anachambua mchele. Naye ni mmoja wa walionijibu wakati ule wa kitabu. Swali lenyewe: ukiona kijana wa mtaani anajiingiza kwenye mambo ya hatari, utatoa habari kwa wenye mamlaka? Karibu wote walisema ndiyo. Sura ya tatu nzima imesimama juu ya ndiyo hiyo. Sura hiyo ndiyo iliyonipa jina.

"Ulikuwa unataka kufaulu, Raya. Tukakujibu ufaulu. Mie nende nikamtaje mtoto wa mwenzangu? Ntamwendea mamake kwanza."

Akaendelea na mchele wake. Haoni kosa, na kwa kweli mimi pia silioni kwake. Mtaa mzima ulinipenda, nikapata udaktari. Najiona mjinga. Najiona nimependwa. Yote mawili, na sijui lipi limezidi.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwandikia mwenyekiti. Barua fupi: sura ya tatu msiitegemee, na sababu ni hizi. Najua ni sura hiyo iliyowafanya waniite. Nimeogopa. Nimeituma kabla sijabadili mawazo.

Jumanne, 3 Juni

Jibu limekuja. Nafasi amepewa mwingine. Wameushukuru ukweli wangu kwa maneno mazuri, na kitabu watakiweka kando mpaka nikirekebishe. Nimelia kidogo bafuni, maji yakimwagika. Kazi ile niliitaka.

Baada ya alasiri Bi. Ziada ameingia. Sikuhitaji kumwambia. Akaketi. Kisha akataka nimuulize tena yale maswali ya kitabu.

"Safari hii sikuonei huruma," akasema.

Nimechukua kalamu. Swali la kwanza peke yake limetufikisha magharibi.