Kiroba cha dirisha la bafuni

Jumanne

Ukungu mweusi umerudi tena bafuni. Mama mwenye nyumba kaupaka chokaa, mimi nimeusugua mpaka vidole vinawasha, bado umerudi. Mdogo wangu Neema kila akitoka kuoga anakohoa.

Hewa haipiti. Dirisha mama mwenye nyumba kaliziba kwa kiroba cha mahindi. Asubuhi nikakitoa.

"We Baraka! Unataka madereva wa malori watuone tukioga?" akafoka.

Malori yanapaki upande wa pili wa nyumba.

Jioni nimekuta kakirudisha, kakipigilia kwa misumari. Nimeing'oa yote. Akitufukuza, sijui tutahamia wapi. Ila kile kifua cha Neema...

Atafute kiroba kingine. Hiki nimekilalia.