Mkwe Wangu na Sindano

Dada Furaha,

Huku Aomori kwa wakwe zetu theluji inaanguka tangu asubuhi, lakini mimi mzima na nimeshiba tambi za moto. Mama mkwe wa mwanangu Neema alikuwa hajanisemesha kwa siku tatu, ananiinamia tu kunisalimu. Leo safari yetu ya mlimani ilivunjika kwa sababu ya theluji, akatupeleka mimi na Neema kwenye nyumba ambako wageni hufundishwa kudarizi kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu.

Eish, fundi cherehani mzima wa mtaa wa Bellevue nifundishwe kushika sindano! Nilipomaliza mistari mitatu, mwalimu aliinyanyua kazi yangu akawaonyesha wenzetu. Huyo mkwe wangu akaitazama, akatazama na yake iliyopinda kama barabara za kwetu Bukavu, akacheka hadi machozi. Kisha akanisogezea kitambaa chake na kusema jambo.

Neema akatafsiri: “Mama, anaomba umwelekeze.”

Tulishona bega kwa bega hadi wakafunga. Nje palikuwa panateleza, mkwe wangu akanishika mkono na kusema, kwa Kiswahili kabisa, “Polepole, Mama Neema.”

Wakumbatie watoto wote hapo nyumbani, nawe ujipumzishe kidogo.

Mdogo wako,
Mapendo