Aliyefua Seruji Yako Si Neema

Mwanangu mpenzi Nassor,

Assalaam alaykum. Salamu hizi zikukute mzima huko Uturuki, baridi isikuingie mifupani, na hao wanaokusomesha kutunza ngozi kongwe wawe wanakupa chai ya moto. Babaako anakusalimu, goti linamuuma lakini ulimi mzima. Shangazi yako Bi Shamsa anakusalimu, kaja kutoka Qurayyat na samaki na kapu la tende, na ameshauliza mara mbili utaoa lini. Dada yako Rahma anakusalimu, na mumewe Said. Watoto wao wanakusalimu, Ilham na Muhannad. Muhannad kang'oka meno mawili ya mbele, na sasa jina lako analitoa kama mluzi. Neema, mfanyakazi wetu wa nyumbani, naye anakusalimu. Safari hii hakunituma. Namtia mie mwenyewe, kwa sababu ni kwa ajili yake nimekaa kuandika.

Herufi zangu za darasa la tatu la Unguja unazijua zinavyopanda na kushuka, nivumilie. Rahma atazipiga picha karatasi hizi azitie kwenye kundi letu la simu, wasome wote. Nimetaka mwenyewe iwe hivyo. Neema alitajwa mbele ya watu wote, basi na mie nitajwe mbele ya hao hao. Mara tatu nimekupigia nikwambie, na kila nikisikia sauti yako nnauliza chakula. "Umekula?" "Nimekula, Mama." "Umekula nini?" Simu inakwisha, neno sijalitoa.

Seruji yako, kile kiti cha ngozi cha mpanda farasi, nimeifua mie. Si Neema. Usiifunge simu, mwanangu. Soma mpaka chini.

Unakumbuka siku ya kikuku? Ulikuwa bado unasoma chuo pale Al Khoudh, ukaingia jikoni mbio hata viatu hukuvua. "Mama, nimepata kikuku!" Mie nkadhani umeposa. Kikuku kwangu ni cha mguuni, cha bibi harusi. Nkaacha mchuzi motoni ukaungua. Ukatoa mfukoni chuma kipana, kizito, kimejaa kutu. Nkakuuliza, "Bibi harusi gani huyu mwenye mguu kama wa punda?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ndipo ukanambia kikuku ni pale mpanda farasi anapotia mguu wake. Tangu siku hiyo nyumba hii ina maneno mawili kwa kila kitu, lako la vitabuni na langu la jikoni, na mara nyingi tulikuwa tukicheka.

Halafu vikaja vitara. Babaako alisema, "Mwanao anataka kupigana na nani? Farasi mwenyewe hana." Mie sikusema, lakini niliogopa. Sipendi chuma chenye makali nyumba ya watoto. Wewe ukanishika mkono ukanipa mpini. "Usikaze, Mama. Kitara cha mpanda farasi kimepinda ili kipite. Kikinasa, farasi anakwenda na upanga unabaki." Nkashika hivyo, na buibui langu, katikati ya chumba, na Rahma anatucheka mlangoni. Nlijiona mtu.

Na unakumbuka lile la lijamu. Mie silisahau. Nliliona pembeni mwa mlango, chuma cha mdomoni mwa farasi, kimekatika, nkampa mpita njia anayekusanya vyuma vibovu. Hukunipigia kelele. Bora ungepiga. Ulichukua mkoba ukaenda kukaa kwa dada yako Al Khoudh mwezi mzima. Ulikuwa ukipita hapa kwetu Bawshar kwenda kazini, nnaijua gari yako, nlikuwa nikisimama dirishani. Husimami. Uliporudi ulinibusu kichwa, na mie sikuthubutu kuuliza kama umenisamehe. Mpaka leo sijauliza.

Seruji ile ilikuja baada ya hapo. Uliitoa kwa mzee mmoja kule Ibri, ukaileta kwenye kiti cha mbele umeifunga mkanda kama mtu. Babaako akauliza, "Huyu mgeni anakula nini?" Miezi uliiinamia, na miwani yako ya kukuzia, na taa, na daftari. Siku moja uliniita. Ukanigusisha kidole. "Hapa palipong'aa ni goti la aliyeipanda, Mama. Hapa peupe ni chumvi ya jasho, lake na la farasi wake. Na hapa kushoto, unaona palivyolika? Ala ya upanga wake ilikuwa ikisugua hapa kila alipopanda." Nkakuuliza jina lake nani. Ukasema hajulikani, jina halikuandikwa popote, yaliyobaki ni hayo tu. Nilimwombea dua mtu yule, wewe hukujua.

Nlisikia yote hayo, Nassor, na bado nimefanya nilofanya. Ndiyo maana sitaki kujitetea sana. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Siku unaondoka ulisimama mlangoni na sanduku, gari inakungoja, ukasema, "Mama, matandiko yangu usiyafue. Usiyaanike, na mtu asiyaguse." Nkakwambia haya. Lakini uso ulinipata moto. Matandiko kwangu mimi ni shuka, foronya na blanketi. Kile cha farasi kwetu kikiitwa seruji, na wewe mwenyewe mbele yangu huita seruji. Sijui siku ile kwa nini lilikutoka neno la kitabuni. Labda ulikuwa na haraka. Basi mie nkawaza, mtu mzima huyu ana yake kitandani mwake, anaona haya mamaake amfulie. Nkanyamaza kwa adabu.

Wiki sita kitanda chako hakikuguswa. Neema kila Ijumaa ananambia, "Mama, chumba cha kaka kinanuka, niruhusu nibadilishe shuka." Namjibu, "Kaamrisha mwenyewe, toka huko." Nlikuwa mkali kama askari wa mlangoni. Na seruji iko chumba cha pili, haina mlinzi.

Nliiona ina vumbi na ukungu mweupe chini ya mbawa zake za ngozi. Nkasema mwanangu yuko mbali anajifunza kutunza vitu hivi, na mie hapa namwachia kinaoza. Na nlilikumbuka lijamu. Wallahi nilidhani hapa ndipo pa kulipa. Arudi aikute inang'aa, ajue mamaake naye anajua kutunza.

Neema alinikuta naibeba. "Mama, tumuulize kaka kwanza."

"Nani mwenye nyumba hapa, mimi au wewe?"

"Ni wewe, Mama. Lakini kitu cha watu wa zamani hiki."

"Na uchafu wake wa zamani. Nenda dukani kaniletee ndimu."

Ndimu nlikuwa nazo. Nlimtuma nimwondoe.

Nkapanda juu ya paa na sabuni ya unga na brashi ya nguo. Maji yalitoka rangi ya chai, nkafurahi. Nkamaliza upande wa kulia wote, nkaiweka juani ipate kukauka, jua hili la kwetu unalijua. Nkapaka na mafuta ya nazi. Neema aliporudi nilikuwa nimeanza kushoto. Aliniondolea brashi mkononi, mie bosi wake, akaikumbatia ile seruji na maji yake na moto wake akateremka nayo ngazi mpaka kivulini. Mikono ilimbabuka kwa vyuma vile. Pale kushoto paliposuguliwa na upanga papo, Nassor. Papo kwa sababu ya Neema. Kulia hapapo. Goti halipo, chumvi haipo, ngozi imepasuka mistari mistari.

Na wewe umejuaje? Rahma alimpiga picha Muhannad na pengo lake akakutumia ucheke. Seruji ilikuwa nyuma yake.

Sauti yako ikaja kwenye kundi, na sote tumekaa tunakula. "Nani kayafua matandiko yangu? Ni Neema, hakuna mwingine. Nilikataza. Said, mkatie tikiti arudi kwao, nikija nisimkute."

Unajua neno la kwanza lililonitoka? Nlisema, "Mbona shuka zake ziko vile vile! Hata foronya haijaguswa!" Babaako akanitazama, kijiko mkononi. "Matandiko ya farasi, wewe mwanamke. Seruji." Bi Shamsa akacheka, kisha akaacha. Hapo ndipo nilipofahamu. Na hapo ndipo palipokuwa pa kusema, watu wote wapo, simu iko mezani. Nkanywa maji.

Neema alikuwa kasimama mlango wa jikoni na sinia. Alisikia yote. Baadaye nnaosha mikono akaja karibu, akasema pole pole, "Mama, nisemee."

Nkamwambia, "Ntasema."

Siku nne zimepita. Leo Jumatatu. Tikiti ni ya Alkhamisi.

Utaniuliza, Mama, wewe unayetufundisha kusema kweli, ilikuwaje? Niliogopa ule mwezi, mwanangu. Niliogopa dirisha lile. Nina miaka mingi na sukari na presha, na nikafikiri safari hii akienda Al Khoudh sitawahi kumwona akirudi. Nkamwacha mtu mwingine aende badala yako. Hivyo ndivyo nilivyofanya, sina jina jingine la kuliita. Kila alipopita mbele yangu na ufagio nilijifanya nnasoma uradi, na tasbihi inakwenda na moyo haupo.

Asubuhi hii kaniita jikoni. Kapanga dawa zangu kwenye vikopo. "Mama, za asubuhi nimetia cha kijani, za jioni chekundu. Ukichanganya utaanguka, na mimi sitakuwepo." Hakuninunia. Hakunikumbusha ahadi. Binti yake kule Tanga anaingia kidato cha nne mwaka huu, hilo nalo hakulitaja, nalijua mwenyewe. Alikuwa ananionesha vikopo tu. Nkakaa kwenye kiti cha jikoni, nkalia, na yeye akanipa kitambaa.

Nkaenda kwa babaako nkamwambia yote. Nlidhani atanitukana. Akasema, "Tikiti naweza kumwambia Said aivunje. Lakini karatasi za Neema zina jina la Nassor. Kafili, mdhamini wake kwa serikali, ni yeye. Bila neno lake mie na wewe ni kelele tu. Kaandike, tena andika kwa kila mtu." Ndiyo nimeandika.

Seruji iko chumbani mwako sasa, dirisha limefungwa, nimeifunika kitambaa cha pamba kikavu. Mafuta sikufuta, maana siijui dawa yake na nimeshakoma. Huko uliko una walimu; waulize, na utakaloamrisha litafanywa na mtu mwenye mikono mizuri kuliko yangu. Kama haina dawa, nihesabie mie. Yule mpanda farasi nimemkosea, na wewe nimekukosea, na wote wawili nawaomba radhi. Lakini nyinyi wawili mnaweza kungoja. Neema hawezi. Sanduku lake liko karibu na mlango, dogo, hata halikujaa.

Basi nnakuomba kitu kimoja, mwanangu, na nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha. Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie Neema. Mpigie kwa sauti yako, si kwa kumtuma Said, wala si kwa maandishi, na mwambie mwenyewe kwamba hakukosa. Kisha liseme kwenye kundi, pale pale ulipomtaja. Ukishamaliza naye, ukitaka kuninyamazia, ninyamazie, mwezi, miezi miwili. Nimestahiki, na ntavumilia. Ila fanya leo, au kesho mapema. Jumatano jioni Said anamchukua akalale kwao Al Khoudh, kwa sababu ndege ni ya alfajiri, na akishatoka mlangoni sidhani kama atakubali kurudi, na mie nisingerudi.

Leta jibu haraka, Nassor. Simu ya Neema iko wazi, nimehakikisha.

Mimi mamaako,
ndiye niliyefua.